Maji Matamu Juu ya Sitaha

Nimezaliwa Mkunya, juu kwenye uwanda wa Makonde, mahali ambapo mtu anaweza kuzeeka bila kuingia kwenye maji yanayompita magoti. Bahari niliijua kwa chumvi na dagaa tu. Kwa hiyo watu wakiniuliza ilikuwaje nikatumika kwenye yoti, chombo cha starehe cha matajiri, inanibidi nianzie kwenye kiwanda.

Nilikuwa fundi wa jenereta katika kiwanda cha kubangua korosho, Newala. Kiwanda kilianza kusimama kwa wiki, halafu kwa msimu mzima, mwishowe milango ikapigwa kufuli na mashine zikaachiwa popo. Ilikuwa miaka ya ruksa. Serikali ilikuwa imelegeza kamba, kila mwenye uwezo akafanya biashara. Sokoni Masasi mitumba ilirundikwa hadi barabarani, sabuni za kunukia zilirudi madukani, na malori ya wanunuzi binafsi yakawa yanapanda mlima kufuata korosho ghafi, zile zile tulizokuwa tukizibangua wenyewe. Mimi nilirudi nyumbani kupalilia mikorosho ya mama.

Siku moja lori la mnunuzi mmoja lilizimika karibu na kwetu. Nikaitwa. Nilikuta bomba la mafuta limeingia hewa, nikaitoa, injini ikawaka. Mwenye lori, mtu mnene, mcheshi, ambaye baadaye sote tulimwita tajiri, aliniangalia nikifuta mikono kwa majani ya mkorosho.

"Injini za baharini unazijua?" akaniuliza.

"Injini ni injini," nikamjibu.

Nilijibu kwa kiburi cha mtu asiye na kazi. Mwezi haukuisha nikawa Mtwara, nimesimama kwenye gati mbele ya yoti aliyoinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao.

Ilikuwa kubwa, ndefu kuliko nyumba yoyote ya Mkunya, yenye vyumba vya kulala, jiko na sebule ya viti vya ngozi. Lakini ilikuwa imezeeka. Mbao zake zilivuja kwenye maungio, rangi ilibabuka kama ngozi ya mgonjwa, na chini kabisa, kwenye ngama, maji meusi yenye mafuta yalikuwa yakicheza kila chombo kilipotikisika. Injini zake zilikuwa mbili, za dizeli, zimelala bega kwa bega ndani ya chumba ambacho mtu mzima hawezi kusimama wima.

Kazi ya chombo kizee cha mbao haina mwisho. Tulikitia kalafati, tukishindilia pamba kwenye maungio kwa nyundo na patasi butu. Wakati wa bamvua, maji yakijaa sana, tulikipandisha mchangani ili maji yakipwa tukwangue chaza waliojishika tumboni mwake. Tulifunga vipande vya zinki karibu na rafadha, lile panga la shaba linalosukuma chombo, ili maji ya chumvi yale zinki yaiache shaba. Na kila tuliporudi kutoka baharini tulikiosha chote, kuanzia omo, mbele, hadi tezi, nyuma, kwa maji matamu. Chumvi ikikaukia pale, alisema nahodha, inakula chuma, inakula rangi, inakula hata kioo.

Nahodha alikuwa mtu wa pwani, mkavu, mwenye ulimi kama wembe. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba injini si injini. Ya nchi kavu hupozwa kwa hewa au kwa maji ya rejeta. Hii hunywa bahari yenyewe. Pampu huvuta maji ya chumvi kupitia chujio, yanazunguka, kisha yanatemwa nje pamoja na moshi. "Ukisikia moshi umekauka," aliniambia, "usiniulize. Zima." Alinionyesha pia jinsi ya kukigeuza chombo palepale kilipo, injini moja ikisukuma mbele na nyingine nyuma, kwa kuwa yoti haina breki, na ubavu wake mrefu hushika upepo kama ukuta.

Yote hayo niliyashika. Lililonishinda ni tumbo langu. Tukishavuka mlango wa bandari na mawimbi ya nje kutupokea, nilianza kutapika. Kila safari. Nilikuwa na ndoo yangu maalumu mle chumba cha injini, na nahodha aliipa jina ambalo siwezi kuliandika. Wageni wa tajiri wakishuka kuangalia injini walinikuta nimeikumbatia ndoo. Wengine walicheka, wengine walinionea huruma, na wenye huruma ndio walioniumiza zaidi.

Nyumbani hawakuyajua hayo. Nilipopanda Newala kwa Idd ya kwanza, nilikuta mjomba wangu ameshatangaza habari zangu. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Huyu alikuwa kaka mkubwa wa mama, mtu wa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, na ndiye aliyenilea baada ya baba kuondoka. Watu walipotoka msikitini alinishika mkono akanisimamisha mbele yao.

"Huyu ndiye mpwa wangu, nahodha wa meli!"

"Mjomba, mimi ni fundi tu," nikasema.

"Nyamaza. Fundi akikaa, chombo kinakwenda? Basi wewe ndiye nahodha."

Watu wakacheka, wakanipa mikono. Wazee niliowaamkia shikamoo waliitikia, "Marahaba, nahodha." Nilipojaribu tena kusahihisha walidhani ni unyenyekevu, wakanisifu kwa hilo nalo. Kila sifa ilikuwa kama jiwe linaloongezwa kwenye mfuko wangu. Nilirudi Mtwara kabla sikukuu haijaisha, nikisingizia kazi.

Sikujua kwamba mjomba alikuwa ameahidi kuja kujionea.

Walikuja asubuhi, yeye na mama, kwa lori la korosho lililopitia Masasi kwa sababu njia ya Tandahimba ilikuwa imeharibika kwa mvua. Dereva wa lori alikuwa mtu wa Newala, msemaji sana, ambaye habari ikimwingia haiwezi kulala ndani. Nilikuwa naosha sitaha. Nilimwona mama akishuka kwenye lori na kanga yake mpya, nikataka kuutupa mpira wa maji nijifiche.

"Shikamoo mama. Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu."

Mama hakuitazama yoti. Alitazama maji yaliyokuwa yakitoka kwenye mpira, yakitawanyika juu ya mbao na kukimbilia kwenye matundu ya pembeni.

"Haya maji ni ya bahari?"

"Hapana, mama. Ya bomba. Matamu."

Akakinga kiganja, akaonja. "Matamu kweli," akasema polepole. Akayafuata kwa macho. "Na yakitoka pale?"

"Yanaingia baharini."

Akakipangusa kiganja. Upepo ulikuwa umeisogeza kanga kichwani mwake, nikaona pale utosini ambapo nywele zilikuwa zimekwisha kwa ndoo. Sisi wa juu kule, kiangazi visima vya mvua vikikauka, wanawake huteremka mteremko mzima hadi bondeni na kupanda tena na ndoo kichwani, wameweka majani juu ya maji yasimwagike hata tone. Nilikuwa nimekunywa maji hayo tangu kuzaliwa. Nikaufunga mpira.

"Fundi!" nahodha akapaza sauti kutoka juu. "Mbona umefunga? Chumvi haikungoji umalize salamu."

Nikaufungua tena. Niliendelea kuosha nikiwa nimewapa mgongo.

Tajiri alipofika alifurahi kuwaona. Alikuwa na moyo mkunjufu, hilo siwezi kumnyima. "Wazee wangu wametoka Newala wasionje bahari? Haiwezekani! Tutatoka kidogo, turudi." Mjomba alivuta pumzi, akaweka sawa kofia yake. Dereva wa lori alisema yeye hapandi vitu vinavyoelea, atangoja gatini.

Ndani ya bandari maji yalikuwa shwari kama uji uliopoa. Mjomba alikaa kwenye benchi la tezini, mgongo umenyooka, akiwapungia mkono wavuvi asiowajua. Mama alishika nguzo, akatabasamu. Kwa dakika chache nilijiona kweli ni mtu. Kisha tukavuka mlango, bahari ya nje ikatuinua, nikateremka haraka chini kwenye ndoo yangu.

Tulikuwa tumefika mbali na fukwe niliposikia mlio wa injini ya kushoto umebadilika. Moshi ulikuwa umekauka. Nikazima kama nilivyofundishwa. Nilikuwa bado napanda ngazi kumwambia nahodha, na ya kulia ikaanza kuchemka nayo. Nikazima hiyo pia.

Ukimya wa chombo kikubwa baharini ni mbaya kuliko kelele. Yoti ilipoteza mwendo, mawimbi yakaigeuza ubavu, ikaanza kulala upande huu, kisha upande ule. Sahani zilivunjika jikoni. Nahodha alitupa nanga, lakini winchi ya kuteremshia mnyororo ilikuwa imeshikwa na kutu, mnyororo ukatoka kwa kukwama. Nanga ilipofika chini ilikuwa ikiburuzika bila kushika. Nyuma yetu, maji yalikuwa yakivunjika meupe juu ya mwamba.

"Fundi! Nipe injini moja! Moja tu!"

Nilipogeuka kushuka nilimwona mjomba. Alikuwa ameng'ang'ania benchi kwa mikono yote miwili, kofia imeanguka, midomo ikitetemeka kwa dua iliyokuwa haitoki sawasawa. Machozi yalikuwa yakimtoka. Na kanzu yake, mbele, kuanzia kiunoni hadi magotini, ilikuwa imelowa. Si kwa bahari. Macho yetu yakakutana. Mtu aliyenifundisha kuvaa suruali. Niliangalia pembeni upesi sana, na upesi ule ndio uliomwonyesha kwamba nimeona.

Chini kulikuwa na joto na harufu ya raba iliyoungua. Kabla ya kufungua chujio lazima ufunge valvu ya maji ya bahari, la sivyo utaizamisha yoti kwa mikono yako mwenyewe. Valvu ilikuwa ngumu. Niliivuta kwa spana, nikatapika, nikavuta tena. Nilihisi mkono kwenye paji la uso wangu. Mama alikuwa ameshuka ngazi, kanga ameifunga kiunoni, na alikuwa amenishika kichwa kama alivyokuwa akinishika nikiwa na homa.

"Tapika, baba, umalize," akasema. "Mimi nashika taa."

Yeye hakuwa anaumwa hata kidogo. Bahari ile iliyokuwa ikinimaliza kwake haikuwa kitu. Nilikuwa mtu mzima, fundi ninayeitwa nahodha msikitini, nalia na kutapika mbele ya mama yangu, naye ndiye anayenimulikia.

Valvu ikakubali. Nilifungua machujio, nikakuta yamejaa majani ya bahari, na katika lile la kulia mfuko wa plastiki umejisokota kama kitambaa kilichokamuliwa, mfuko mwembamba wa kubebea bidhaa, ambao siku hizo ulikuwa umezagaa kila mahali. Nikavitoa, nikafunga, nikafungua valvu. Pampu ya kushoto raba yake ilikuwa imeungua, haikuvuta tena. Ya kulia ilivuta. Injini ikakohoa, ikawaka, na kutoka nje nikasikia bomba likitema maji.

"Hiyo hiyo!" nahodha akapiga kelele.

Kurudi kwa injini moja ni sawa na kutembea na mtu mlevi begani: chombo kinakuvuta upande mmoja muda wote. Nahodha alishikilia usukani umepinda hadi tukaingia bandarini. Kwenye gati hapakuwa na ile njia ya moja mbele, moja nyuma. Alingoja upepo upungue, akazima mapema, akaiacha yoti iteleze yenyewe, nasi tukatupa kamba. Tuligonga gati, ubao mmoja ukapasuka, lakini tulikuwa tumefika.

Watu wa gatini walikuwa wameona tulivyokuwa tukija upande upande. Walikusanyika. Dereva wa lori alikuwa mbele yao, shingo ameinyoosha.

"Vipi, wazee? Meli imewatesa?"

Tajiri alicheka kwa sauti ya mtu aliyeponea chupuchupu. Mama alisimama. Mjomba hakusimama. Alikuwa amekaa palepale kwenye benchi, mikono ameikusanya mapajani.

"Mzee wangu, tumefika," tajiri akamwambia. "Shuka upate chai."

"Nipumzike kwanza," mjomba akasema.

"Utapumzikia chini, mzee. Nchi kavu ndiyo dawa."

"Nimesema nipumzike!"

Dereva alikuwa akimchunguza. Nilijua ndani ya siku chache habari ingekuwa Newala, ingekuwa sokoni, ingekuwa kwenye ngazi za msikiti pale nilipopewa mikono. Nilikuwa nimeshika mpira wa maji mkononi, nimeanza kuosha chumvi kwa sababu nahodha alikuwa ameniamuru, nikasimama na maji yakinimwagikia miguuni. Nikasema moyoni, laiti nisingemjibu yule tajiri siku ya lori.

Mama akanikaribia. Akautoa mpira mkononi mwangu. Akautazama kidogo, halafu akamgeuzia kaka yake, akammwagia maji kifuani, usoni, mapajani, kila mahali.

"Kaka!" akapiga kelele akicheka. "Umeponea baharini, leo usioge? Oga maji matamu, kaka! Yapo mengi huku, hayana mwenyewe!"

Mjomba akaruka. "We! Una wazimu?"

"Oga!"

Alimfuata sitaha nzima akimlowesha, kanga yake nayo ikalowa, hadi kanzu yote ikawa maji matupu kuanzia kola hadi pindo, na hakuna mtu angeweza kujua lipi lilianza. Watu wa gatini walipiga makofi. Tajiri alikuwa ameshika tumbo kwa kicheko. Dereva wa lori aliwaambia waliomzunguka, "Hao ndio watu wa kwetu! Wakiona maji wanarukwa na akili!"

Mama aliyachezea maji yale hadi mjomba mwenyewe akaanza kucheka, kicheko kilichokaribia sana kilio, akashuka kwenye gati akichuruzika, akapokewa kama shujaa. Nahodha peke yake hakucheka. Alimtazama mama kwa muda, kisha akafunga bomba kwa heshima na kumpokea mpira kwa mikono miwili.

Walipoondoka jioni mjomba hakunitazama. Nilimwambia, "Safari njema, mjomba," akajibu kwa kuipigapiga kofia gotini.

Mama hakulisema jambo hilo kamwe, hata tulipokuwa wawili tu. Aliporudi nyumbani alisimulia kwamba bahari ni kubwa, haina upande wa pili, na kwamba walimwagiana maji. Nami nilibaki na aibu ambayo sikuweza kuipa jina. Nilikuwa na haya kwa kuona nilichokiona. Nilikuwa na haya kwamba mpira ulikuwa mkononi mwangu mimi, na halikunijia wazo hilo.

Jina la nahodha lilikoma kule nyumbani. Mjomba hakulitamka tena, na bila yeye kulitamka watu wakalisahau. Nikipanda kusalimia nilimkuta ametoka, au amelala, au anaitikia "marahaba" akiwa anaangalia chini. Akitaka kuniomba chochote, alimtuma mtu kwa mama. Nilifanya vivyo hivyo. Miaka ilipita tukikwepana katika kijiji ambacho mtu ukipiga chafya jirani anakuombea rehema.

Yoti yenyewe haikudumu. Tajiri aliichoka, akahamishia akili yake kwenye mabasi. Wadudu wa baharini waliingia kwenye mbao za chini, pampu ya ngama ikawa haipumziki, na mwishowe tuliipandisha mchangani kwa bamvua ikabaki huko. Injini ziliuzwa, moja ikaenda kukoboa mpunga. Nahodha aliniaga kwa kuniambia kwamba ndoo yangu ataitupa mwenyewe. Nikarudi, nikafungua banda la kutengeneza mashine za kusaga, Masasi, karibu na barabara ya kwenda Newala.

Mama alikuwa ameshafariki mjomba alipotokea pale bandani, ameshuka kwenye gari akiwa amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye gunia. Alikuwa amezeeka, kanzu yake haikupigwa pasi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba." Akaweka gunia mezani. "Mashine ya kijiji haiwaki. Wamenituma mimi."

Ilikuwa pampu ya mafuta. Nikaifungua. Alivuta kigoda akakaa karibu, akawa ananipokea vipande kimoja kimoja na kuvipanga juu ya gazeti. Tulifanya kazi hadi jua lilipofika katikati.

"Mama yako," akasema ghafla, "alikuwa haogopi."

"Hakuwa anaogopa, mjomba."

"Hata mimi alikuwa akinificha, tangu tulipokuwa watoto. Nikivunja mtungi anasema kavunja yeye." Akakishika kijispringi kidogo, akakigeuza kwenye mwanga. "Hiki kinakaa wapi?"

Nikamwonyesha. Akakiweka mwenyewe, nami nikamwacha akiweke. Mke wangu alileta ugali wa muhogo na mboga ya kisamvu. Mjomba alikula, akamaliza, akasukuma bakuli mbele yake.

"Mkwe," akamwita, "kisamvu kimebaki?"